Mshipa wa Shaweji

Bibi Tamima alitoa kabatini blanketi mbili nzito, akazibwaga juu ya begi la mjukuu wake, akasema huko anakokwenda watu hawakai ila wamejifunika. Lamya akamwambia hotelini kuna blanketi. Bibi akajibu kuwa blanketi za hoteli zimeshalaliwa na watu chungu nzima, na kwamba yeye alipotoka Unguja alitoka na kanga mbili na mtoto mgongoni, tangu siku hiyo haamini safari isiyo na cha kujifunika. Ukishaambiwa hivyo utabishana na nani? Blanketi zikatiwa begini.

Safari yenyewe ilikuwa ya heshima. Kila mwaka madaktari wa upasuaji wa upande huu wa Ghuba hukutana mahali, wakasomeana kazi zao, wakala, wakapiga picha. Mwaka huu waliamua kwenda kukutana Georgia, kwenye mlima wa theluji, katika hoteli ya watu wanaofunga mbao miguuni na kuteleza. Bibi Tamima aliitangaza habari hiyo mtaa mzima wa Ibra. Alimwambia kila aliyekuja kunywa kahawa kwamba Lamya, binti wa Suud, kaitwa kwenda kuwahutubia wapasuaji wenzake, na yeye ni mtoto wa kike na umri wake thelathini na mbili tu. Asichokitangaza ni habari atakayokwenda kuihutubia. Hiyo aliijua, na hakuna aliyemwambia.

Uani zilikuwa zikisikika ndara, pa, pa, pa, zikienda kwenye kamba ya nguo na kurudi. Lamya aliacha kukunja shungi yake akasikiliza. Kila siku, miezi minane sasa, alikuwa akizisikiliza ndara zile, na kila siku alijiambia atamnunulia Hanifa nyingine. Ndara zenyewe za kiume, za rangi ya udongo, ya kushoto mkanda wake umekatika ukafungwa kwa uzi wa buluu.

Hanifa akaingia na nguo zilizokauka. Mtu wa Kilwa huyu, mwaka wake wa sita katika nyumba ile, na kwa kuwa nyumba ina watu watatu tu, bibi, mjukuu na yeye, alishakuwa na sauti yake humo. Aliziweka nguo kitandani, akamtazama Lamya kwa mapenzi kabisa.

"Da Lamya, huko wakikuuliza habari zetu sisi wafanyakazi, waambie tunatibiwa vizuri," alisema. "Hata Shaweji wetu ulimpokea kwa lugha yake. Ni yeye tu alichelewa."

Lamya akainama kufunga zipu ambayo ilikuwa imeshafungwa. Bibi Tamima akageuza uso ukutani na kuanza kuvuta uradi, vidole vikienda mbio mbio. Hanifa hakuona kitu, akatoka na pasi.

Shaweji alikuwa mtoto wa mjomba wake Hanifa. Alifanya kazi katika shamba la mitende huko Samad Ash Shan, kazi ya kubeba na kuinua, na mwezi wa sita mwaka jana alipoanza kuumwa hakuwa na wa kumwuliza ila Hanifa. Hanifa akamwambia asihangaike na Kiarabu chake cha kuokoteza. Aende hospitali anayofanya kazi Lamya, amtake Lamya mwenyewe. Yule mwenzetu, alimwambia, yule anajua Kiswahili.

Akaja siku ya Alkhamisi, saa tano, foleni imejaa mpaka nje. Alivua ndara zake mlangoni, kama anaingia nyumbani kwa watu. Lamya akamwambia hapa watu hawavui viatu, naye akatabasamu, akaziacha pale pale. Mtu wa miaka kama arubaini, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alipoamkiwa kwa Kiswahili uso ulimng'aa. Nesi Shurooq aliuliza kwa Kiarabu kama aite mkalimani, kwa kuwa wapo wafanyakazi wa Kitanzania hospitalini wanaosaidia, na Lamya akacheka. Mkalimani wa nini? Hii lugha ya nyumbani kwetu.

Na kweli ilikuwa lugha ya nyumbani kwao, ya kuombea chai na kuamkia wakubwa, ya kuitikia Bibi anapoita. Lamya alizaliwa Ibra, akasoma kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kama nguo ya Idi, inapendeza lakini haijabebeshwa kazi. Hilo hakuwa analijua siku ile.

"Daktari, mshipa umenishuka," Shaweji alisema, akiutazama ukuta. "Na tangu jana moyo unanichafuka."

Mshipa Lamya aliujua, ndio huu unaopita damu. Akamwuliza wapi, naye akapitisha kiganja juu juu ya suruali, chini ya tumbo kuelekea paja, akakiondoa upesi. Lamya akaona haya za mtu mzima mbele ya msichana, akazihifadhi. Alimwambia apandishe suruali mpaka gotini, akautazama mguu, hauna uvimbe. Shurooq akanong'ona, amwite Dokta Osama, mwanamume mwenzake, amtazame vizuri? Lamya akasema hapana haja, watu wengi nje. Ama huko kuchafukwa na moyo, akafahamu kuwa mtu kakumbuka kwao, ana majonzi. Akampa pole. Akamwambia kwa upole kabisa, inshallah atazoea, wote tumetoka mbali.

Shaweji alimtazama kidogo, kama anayetaka kusema jengine. Kisha akasema ahsante. Akapewa vidonge vya maumivu na siku ya kuja kupigwa picha ya mishipa, baada ya wiki mbili. Akavaa ndara zake akaondoka.

Saa tisa Lamya alikuwa nyumbani, mbele ya sinia la wali. Hanifa yuko jikoni. Lamya akamsimulia Bibi, kwa mzaha tu, kwamba leo kaja mtu anasema mshipa umemshuka, sasa mshipa unashukaje, unaanguka kama embe?

Bibi Tamima alicheka mpaka akaweka tonge chini. Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Wewe mtoto wewe, utanambia nini," alisema. "Mshipa ndio huo wa wanaume. Utumbo unashuka, unaingia huko chini kwenye mambo yao. Babu yako alikuwa nao, akaufunga kwa kitambaa miaka. Sasa mtu mzima akwambie wewe mwari hivyo hivyo? Kasema kwa adabu."

"Na moyo kuchafuka?"

"Si kutaka kutapika. Ulidhani nini?"

Bibi bado alikuwa akicheka. Lamya alikuwa ameshaacha kula, maana mpasuaji hahitaji kuambiwa mara mbili: utumbo umeshuka, unauma, mtu anataka kutapika tangu jana. Huyo harudishwi nyumbani hata kidogo. Huyo anaingizwa chumba cha upasuaji siku ile ile. Bibi akauona uso wa mjukuu wake, na kicheko kikamkauka mdomoni. Walitazamana juu ya sinia. Kutoka jikoni Hanifa akauliza kama waongezewe mchuzi.

Lamya aliingia chumbani mwake, akapiga hospitali, akapewa namba iliyoandikwa kwenye faili. Ilikuwa ya arbabu wa Shaweji, tajiri mwenye shamba. Akapiga. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akasema atapiga baada ya alasiri, akajinyoosha, kwani hakuwa amelala vizuri tangu Jumatatu, na usingizi ukamchukua. Alipoamka adhana ya magharibi inaadhiniwa, na arbabu kampigia mara mbili hakupokea.

Aliishika simu ile mkononi. Angemwambia nini? Kwamba yeye, mjukuu wa Tamima, hakufahamu Kiswahili? Akajiambia kama mtu kazidiwa angerudi mwenyewe. Akajiambia kesho. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, wakaja jamaa kutoka Maskati, nyumba ikajaa watoto.

Jumamosi asubuhi Shaweji aliletwa nyuma ya pikapu. Dokta Osama ndiye aliyempasua, akakuta utumbo umeshakufa. Jumapili akakata roho, akazikwa, na hospitali ikamkabidhi Hanifa mfuko wenye shati, simu na ndara. Hanifa alimwuliza Lamya imekuwaje. Lamya akasema alichelewa. Neno moja tu hilo, nalo halikuwa uongo mtupu, na ndiyo maana likakaa. Hanifa akasema ndara bado nzima hizi, si za kutupa, akawa anazivaa akienda kuanika nguo.

Hoteli ilikuwa ya mbao, na mlangoni kulikuwa na rafu ndefu ya kukaushia mabuti. Madaktari mia tatu waliyavua pale, wakaingia na soksi, wakicheka kama wanafunzi. Lamya alipita upesi bila kuitazama rafu ile. Siku ya kwanza alikwishaitazama, na kati ya mabuti yote yale mekundu na meusi aliona, wallahi aliona, ndara mbili za rangi ya udongo, moja ina uzi wa buluu. Alirudi hatua mbili kuhakikisha, akakuta ni glavu za mtu. Usiku ule blanketi za Bibi zilimfaa.

Wapasuaji wana ada yao. Katika kila mkutano kipo kikao kimoja ambacho milango hufungwa, hapapigwi picha, na mtu husimama akasimulia mgonjwa aliyemfia mikononi mwake ili wenzake wajifunze. Jina la marehemu halitajwi. Lamya alikuwa amepangwa siku ya tatu. Kazi yake aliiita Kizuizi cha Lugha. Aliiandika vizuri sana: mgonjwa mgeni, maneno yake hayakueleweka, mkalimani hakuwepo chumbani, ushauri ni wakalimani waongezwe. Hapakuwa na sentensi hata moja ya uongo ndani yake. Osama alikuwa ameisoma na kuisifu.

Siku ya pili mchana wenzake wakamburura kwenda kuteleza. Alifungwa mbao, akafundishwa kusimama, akafundishwa kugeuka, na alipojaribu mwenyewe akaenda upande asioutaka, akaanguka vibaya, mguu wa kulia ukabaki chini yake. Weupe ule ulimzunguka pande zote. Hakusikia mtu wala mdudu. Alishawahi kuogopa mengi, lakini kimya kile kilimwogofya kwa namna ya pekee, kwa kuwa ndani yake alisikia ndara, pa, pa, pa, zikija.

Aliyekuja ni mzee mmoja wa uokozi, kavaa koti jekundu, ndevu zimeganda. Akasema kitu kwa lugha yake. Lamya akajibu kwa Kiingereza, mzee akatikisa kichwa. Akajaribu Kiarabu. Kisha, kwa maumivu, akajikuta anasema, "Naumia hapa, baba," na mzee akatikisa kichwa vile vile. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja.

Mzee akapiga magoti. Akavua glavu, akausugua mkono wake upate joto, akauonyesha kwanza, na kwa macho akaomba ruhusa. Lamya akaitikia kwa kichwa. Basi akaanza kwenye kifundo, akabonyeza, akamtazama usoni, akapanda, akabonyeza, akamtazama usoni, polepole, mpaka juu ya goti kwa ndani, Lamya akavuta pumzi kwa meno. Mzee akasema neno moja ambalo bila shaka maana yake ni hapa. Akafunga bandeji. Hakuna kilichovunjika.

Lamya akalia. Alilia kwa sauti, mzee akadhani ni goti, akampigapiga begani. Goti halikuwa na neno. Alikuwa analilia mkono. Miezi minane alikuwa anajisimulia habari ya maneno mawili yaliyompotea, mshipa na moyo, kana kwamba Shaweji kauawa na kamusi. Mtu huyu hakuelewa neno lake hata moja, na kapaona panapouma, kwa sababu alipiga magoti akatia mkono. Yeye alikuwa na lugha, alikuwa na mgonjwa mbele yake, na hakutia mkono. Na alipokwisha kuelewa, alipiga simu moja tu.

Kesho yake alisimama ukumbini akichechemea. Slaidi ya kwanza ikatokea, Kizuizi cha Lugha, na akaomba izimwe. Akawaambia, kwa Kiingereza, kwamba lugha walikuwa nayo. Kwamba hakumpima mgonjwa. Kwamba alijua ukweli saa tisa ya siku ile ile, akapiga simu moja isiyopokelewa, akalala, na alipopigiwa akaona aibu. Alikaa baada ya dakika nne, na wakati wake ulikuwa kumi na tano.

Kisha mwenyekiti, profesa mzee mwenye sauti ya baba, akasema amefanya kazi hii miaka arubaini na hajasikia ushujaa kama huu. Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama. Walikuja mmoja mmoja kumshika mkono, Osama akamwambia khalas, sasa umetua mzigo, pumzika. Mlango ukafunguliwa na watu wakaenda kula. Lamya akabaki ameshika sahani, anajisikia vibaya kuliko alivyojisikia kabla, kama mtu aliyekwenda kuomba radhi nyumba isiyokuwa yenyewe. Hakuna hata mmoja mle aliyemjua Shaweji. Kumsamehe kuliwawia rahisi mno.

Alirudi Ibra Jumatatu. Bibi Tamima alitaka kujua kama theluji ina harufu, Lamya akasema haina, Bibi akavunjika moyo. Blanketi zikarudishwa kabatini. Baada ya alasiri Lamya akatoka uani, akaenda kwenye chumba cha Hanifa nyuma ya jiko. Mlangoni zilikuwa zile ndara. Lamya akavua viatu vyake akaviweka kando yazo, akabisha hodi.

Hanifa alishangaa, kwani Lamya hakuwa mtu wa kuingia mle. Akamtengea nafasi kitandani, Lamya akakaa chini kwenye mkeka, goti limenyooka, akasema yote. Kiswahili kilimkatika mara mbili, akatafuta, akaendelea. Hanifa alikuwa anakunja mashuka. Aliendelea kuyakunja mpaka yakaisha.

"Alikwambia mshipa?" aliuliza.

"Aliniambia."

"Na moyo kumchafuka?"

"Na moyo kumchafuka, Da Hanifa."

Hanifa aliweka mikono juu ya mashuka.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hilo neno," alisema. "Yeye alitaka kusema ngiri. Nikamwambia usitamke hivyo mbele ya mtoto wa kike wa watu, sema mshipa. Bibi yake mtu wa Unguja, ataelewa."

Mlangoni pakasikika fimbo. Bibi Tamima alikuwa amesimama, sijui tangu lini, mkono mmoja ukutani.

"Na mie nlicheka," alisema Bibi. "Nkajua siku ile ile, Hanifa. Ulipofiwa nkakupa vitambaa, nkakupa udi, neno sikukupa."

Hanifa hakulia wala hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga kelele. Alisema kwamba Bi Masika, mama yake Shaweji, humpigia kila Ijumaa kutoka Kilwa, na kila Ijumaa swali lake ni moja: mwanangu alichelewa nini? Alikuwa mvivu? Walimzuia? Aliogopa kisu? Mama yule ameshamlaumu maiti, kamsamehe, kamlaumu tena. Na yeye Hanifa hana jibu.

"Sasa jibu lipo, lakini si langu," alisema. Akatoa simu yake, akaitafuta namba, akamwekea Lamya mkekani. "Mpigie wewe. Umwambie kwa Kiswahili."

Lamya alimtazama Bibi yake, na Bibi Tamima hakumwokoa. Akachukua simu, akapiga. Wote watatu waliisikia ikilia huko Kilwa, mara ya tatu, mara ya sita, ikalia mpaka ikakatika yenyewe.

Bibi akasema pengine yuko uani, hasikii. Hanifa alikuwa anautazama mkono wa Lamya, aone atauweka wapi.

Lamya akapiga tena.